Afisa Akiniuliza Nina Watoto Wangapi, Nijibu Wawili au Watano?

Wasomaji wangu, kwa bahati ya viza mimi Mjomba Kefa sijaona wa kunifikia. Balozi tatu nimeingia, viza tatu nimetoka nazo, na afisa wa mwisho nusura anisindikize hadi stendi. Kwa hiyo barua hii imefika kwa mwenyewe.

*Mjomba Kefa, shikamoo. Mimi ni Abeli, fundi wa kuchomelea hapa Kizota, mageti mengi ya nyumba mpya za Msalato ni mkono wangu huu, na Mungu kanijalia nimepata kazi ya kuchomelea Ulaya, mkataba ninao, umebaki usaili wa viza ubalozini Dar Jumatano ijayo, na hapo ndipo nilipojiharibia. Rafiki yangu Hanif, tuko naye karakana moja na aliwahi kufanya kazi Maskati, alikuja nyumbani kunifanyisha mazoezi, akavaa koti, akakaa kwenye kochi kama afisa, akaniuliza kwa Kiingereza kazi yangu nini, nikajibu kwa kujiamini, kumbe nimesema kazi yangu ni kuteketeza mageti ya watu kwa moto, Hanif akacheka mpaka akavua koti, "Fundi, utatoka humo na pingu!" Akavaa tena, akauliza nina watoto wangapi, nikasema watano kama nilivyojaza kwenye fomu, akapiga meza, "Kosa! Vyeti vya kuzaliwa unavyo viwili, watoto ni wawili. Wale watatu ni wa marehemu kaka yako. Afisa anataka karatasi, hataki undugu. Rudia!" Nikarudia, wawili, wawili, wawili, mpaka ulimi ukazoea, kumbe Lydia, mkubwa wa hao wa marehemu, ana miaka kumi na mbili na Kiingereza cha namba anakijua, yuko mlangoni na sinia la chai. Mjomba, tangu tumzike kaka kule Kibakwe miaka sita iliyopita mtoto huyu ananiita baba, lakini siku ile aliweka sinia akasema, "Baba mdogo, chai hiyo," na mpaka leo ni baba mdogo tu, kwa heshima zote. Nikiikosa viza hao watano nitawasomesha na nini, nikiipata kwa kuwakana nitarudi nyumbani nikiwa nani?*

Marahaba, Abeli. Ngoja nikupongeze kabla sijakuchapa. Mtu aliyepokea watoto watatu wa marehemu bila kupiga tarumbeta, huyo hapa Dodoma tunatembea naye kifua mbele.

Sasa fimbo. Fomu inasema watano, halafu mdomo wako ukaseme wawili? Fomu iko mezani kwa afisa, bwana! Atajua kuna mwongo chumbani, na fomu haitatoka jasho. Hanif ana moyo mzuri, ila hapo amekupoteza.

Shida yako ni neno tu. Kwetu mtoto wa kaka ni mtoto, basi, habari imekwisha. Wenzetu wanauliza umezaa nani na unamlea nani. Kesho asubuhi nenda kwa mtendaji wa mtaa, kisha ustawi wa jamii, ubebe na cheti cha kifo cha kaka, uombe barua kwamba unawalea. Jumatano ukiulizwa, inua uso. Najua tumelelewa kuinamisha macho mbele ya mkubwa, lakini yule atadhani unaficha kitu. Sema: nimezaa wawili, nawalea watatu wa marehemu kaka yangu, wote watano ni wanangu. Na kazi yako ni kuunganisha vyuma. Habari za kuteketeza ziache Kizota.

Ila kabla ya ofisi zote hizo, leo hii, muombe Hanif lile koti. Mvalishe Lydia. Akae yeye kwenye kochi, akuulize una watoto wangapi, nawe umjibu ukimtazama. Asiporudi kukuita baba siku hiyo, vumilia, ulimwumiza.

Wala usithubutu kudanganya mle ndani. Mimi nimeingia ubalozi mmoja tu maishani, nikaulizwa kama nimeoa, nikasema bado, pete iko kidoleni. Zile viza tatu za hapo juu ni uongo. Sina hata moja.