Jiko Lenye Magurudumu

Kwako baba, uliyeko Mikumi kando ya barabara kuu,

Shikamoo. Nimeanza na salamu kwa sababu mama ametufundisha kuwa mkubwa husalimiwa hata kama una kinyongo naye, na kinyongo ninacho. Barua hii naiandika wazi, yeyote aisome, kwa kuwa simu yako haipatikani tangu ulipoondoka Kinole, na kwa kuwa ulinikana mbele za watu. Acha na mimi niseme mbele za watu.

Leo fundi amemwaga saruji pale kambini kwetu, wanapolala wageni wa magari. Amejenga meza ndefu ya matofali ya kupikia wageni, na upande wa kushoto ameacha pengo. Akaniuliza, "Binti, hapa nizibe au niache?" Mama alikuwa amesimama karibu, akaangalia pembeni. Nimemwomba fundi anisubiri mpaka Jumamosi. Wewe unajua pengo lile ni la kitu gani. Wengine itabidi niwaeleze.

Unawakumbuka wale wageni wa kwanza, bibi na babu wa Kizungu waliokuja na gari lenye kitanda, sinki na choo ndani? Bibi yangu alilizunguka lile gari mara mbili, akasema, "Sasa hawa nyumba wanayo, wamekuja kutafuta nini kwetu?" Ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye majani. Walitaka kupikiwa nje, chini ya mlima, kwa sababu nyama ikipikwa ndani ya gari harufu yake inalala nao kitandani. Ukawasha mkaa. Mkaa ulikuwa umenyeshewa, ukatoa moshi tu, kisha mvua ikashuka kutoka mlimani kama kawaida yake, bila kuaga. Kuku akabaki na damu kwenye mifupa. Yule bibi wa Kizungu alikula ndizi, akashukuru kwa heshima sana, na heshima yake ile ndiyo iliyokuumiza. Hukula usiku ule. Ulisema tu, "Kuni za msitu hatuna ruhusa, mkaa ndio huu. Tutafute jiko la gesi."

Ulitaka la kujengea. Ulichora kwa kijiti kwenye udongo: ukuta wa matofali, jiko katikati, paa dogo la bati juu. Mama alijua kitakachofuata.

Kwa asiyetujua, sisi ni Waluguru, na ardhi yetu ni ya ukoo wa mama. Mimi ni wa ukoo wa mama. Kaka yake mama, Mjomba Shabani, ndiye msimamizi. Mkwe anakaribishwa, analima, anakula, anaheshimiwa, lakini hapandi mti wa kudumu wala hajengi kitu cha kudumu, kwa sababu mti ukishakua unakuwa shahidi kwamba mahali pale ni pako. Wewe ulitoka Singida kuja kufanya kazi kiwandani Morogoro, ukampenda mama, ukamfuata milimani. Kwenu mtoto ni wa baba na shamba ni la baba. Ulikuwa umeshajikwaa mara moja: ulipanda miche ya parachichi pembeni mwa kambi, ukaimwagilia kiangazi kizima. Mjomba akaja asubuhi moja, akaing'oa mmoja mmoja, polepole, akaipanga kwenye majani ya mgomba kama mtu anayepanga mboga za kuuza.

"Shemeji," alikuambia, "kulima lima. Hii uliyopanda itatuzika wewe na mimi, halafu watoto wagombane."

"Watoto gani wagombane? Watoto si wangu?"

"Wako, ndiyo. Lakini wa kwetu."

Nilikuwa nimebeba ndoo. Nilikuona ulivyouma mdomo. Baba, nataka ujue kwamba siku ile nilikuwa upande wako. Nililisogeza jani moja la mgomba kwa mguu hadi kivulini ili miche isikauke, kana kwamba ingeweza kurudi udongoni. Haikurudi.

Basi tulipokwenda mjini kuchagua jiko, mimi na wewe, nilikuwa nawaza ile miche. Wewe ulikuwa na furaha. Uliniita "mama" njia nzima, kama ulivyoniita tangu nikiwa mchanga, kwa sababu ulinipa jina la mama yako, Mariamu, ambaye sikuwahi kumwona. Dukani ulikagua majiko kama watu wa kwenu wanavyokagua ng'ombe mnadani. Ulifunua mfuniko, ukagonga bati kwa kidole, ukainua wavu kuona uzito wake. Wavu mwembamba, ulisema, utapinda msimu wa kwanza tu. Ulichomoa trei ya chini inayokinga mafuta ukauliza inaoshwaje. Muuzaji, mwanamume mnene mwenye utani, akakupeleka kwenye lile la kujengea, linalong'aa kama kioo.

"Mzee, hili ukilizungushia saruji, hata wakwe hawakuhamishi!"

Hakujua alichosema. Wewe uliweka mkono juu ya lile jiko, hukuutoa kwa muda mrefu. Kisha ukanigeukia. "Haya mama, wewe ndiye unayesoma fizikia. Sema."

Nikasema niliyoyajua. Kwamba upepo wa kwetu unashuka mlimani jioni, kwa hiyo jiko lisilo na mfuniko mzito litazimwa kila saa. Kwamba liwe na moto wa pande mbili, upande mmoja ukali wa kuunguza ngozi ya nyama, upande mwingine upole wa kuivisha ndani. Kwamba mtungi ukae pembeni, usikae chini ya moto. Halafu nikakuonyesha lile la magurudumu, nikasema, "Hili Mjomba hatakuwa na neno. Mvua ikija tunalisukuma chini ya paa. Ila tuchukue hili lenye magurudumu makubwa, madogo yatazama kwenye udongo wetu."

Muuzaji akapiga makofi. "Mzee, usihangaike na mimi tena, bosi wako huyu hapa."

Ulicheka. "Bosi wangu tangu azaliwe."

Nusu ya bei ilikuwa mdalasini wa mama. Sisemi hilo ili nikudai, nasema kwa kuwa ni kweli. Tulilipandisha jiko Kinole kwa guta la mizigo, likiwa vipande vipande ndani ya boksi, wewe umekaa nalo nyuma umelikumbatia kila tulipofika kwenye mashimo. Tuliliunga uani. Wewe ulishika, mimi nikakaza nati za magurudumu kwa sipana, na ulikuwa ukiniambia, "Kaza mama, kaza, lisije likatukimbia."

Tulikuwa na msimu mzuri. Magari ya kulala yalikuja, mengine kutoka mbali, mengine familia za Dar es Salaam zilizokodi tu kwa wikiendi. Ulichoma kuku kwa limao na pilipili manga ya shamba letu. Ulichoma ndizi mzungu na maganda yake mpaka watoto wa wageni wakagombania. Mvua ilikuja, tukasukuma jiko, moto haukuzimika, na wewe ulinitazama juu ya mfuniko ukakonyeza. Nilidhani tumeshinda. Nilidhani kitu kidogo kama magurudumu kinaweza kuwapatanisha watu wazima.

Kumbe wewe kila ulipolisukuma ulikuwa unahesabu kwamba hata jiko lako halina ruhusa ya kusimama mahali pamoja. Ulianza kusema maneno madogo. "Mimi hapa ni kama hili jiko tu." Mama alikujibu, "Hili jiko halijawahi kulala njaa wala kulala nje." Hukucheka. Siku ya gulio, mama akiwa sokoni na mimi shuleni, ulikodi guta. Bibi aliyekuwa anaanika mdalasini alikuuliza unalipeleka wapi, ukamwambia linakwenda kutengenezwa. Bibi akakusaidia kulisukuma, baba. Mzee wa watu alilisukuma kwa mikono yake miwili. Lilikuwa jepesi, kwa sababu magurudumu niliyachagua mimi. Mtungi uliuacha, ulikuwa umeisha gesi.

Sijilaumu kwa magurudumu. Nilichagua kitu cha kukaa nacho.

Mama hakulia mbele yetu. Alirudisha mafiga matatu kambini, wageni wakapungua, na watu walipouliza alisema, "Yuko safari." Mpaka leo uko safari.

Kisha darasa letu likaenda ziara ya masomo mbugani Mikumi. Wakati wa kurudi mwalimu akasema tusimame mahali tule chakula cha mchana, pale wanapolaza magari ya watalii kando ya barabara. Nilisikia harufu kabla sijaona: limao na pilipili manga. Nikaona jiko. Mpini wake ulikuwa bado na waya niliouzungushia siku mpini ulipolegea. Halafu nikakuona wewe, umevaa aproni nyeusi, umenenepa kidogo.

Nilikwenda mbele yako nikapiga goti kidogo, nikasema, "Shikamoo baba."

Uliniona. Usiniambie hukuniona, koleo ilikutoka mkononi ikagonga trei.

"Marahaba. Hujambo binti?"

Binti. Mwalimu akawageukia wenzangu. "Mnaona adabu ya mwenzenu? Ninyi mmekimbilia soda." Walicheka. Kwa kuwa kila msichana aliyelelewa vizuri humwita kila mwanamume mzima baba, hakuna aliyejua kwamba mimi sikuwa nafanya adabu.

Mwenzako aliyekuwa anakata nyanya akauliza, "Unamfahamu huyu?"

"Binti wa mwenye eneo. Kule nilikokuwa nafanya kazi, Kinole."

"Mwenye eneo! Basi mkatie kipande kizuri. Anaitwa nani?"

Ukageuza nyama ambayo ilikuwa bado haijaiva upande wa chini. Ukasema, "Jina nimelisahau."

Baba, ni jina la mama yako.

Ile nyama sikuila. Nilimpa niliyekaa naye, nikamwambia tumbo linauma. Njia nzima ya kurudi Morogoro walikuwa wanaimba, na mimi nilikuwa nafikiria kwamba Mjomba aling'oa miche yako, akakuumiza, lakini alikuambia ni kwa nini. Wewe umening'oa mimi umesema umenisahau. Mjomba alisema mimi ni wa kwao. Hakusema mimi si wako. Hilo ulilisema wewe.

Niliporudi nilimweleza mama. Alikuwa anamenya ndizi. Aliendelea kumenya mpaka zikaisha, akasema, "Amekonda?"

"Amenenepa."

"Haya. Vizuri."

Nilimkasirikia mama kwa neno hilo siku kadhaa. Sasa simkasirikii.

Likizo hii nilikwenda kwa Mjomba. Nilimwambia nataka kujenga meza ya kupikia kambini, ya saruji, isiyosukumwa. Nilikuwa nimejiandaa kubishana, nilikuwa na hoja zangu kama za mdahalo shuleni. Alinisikiliza, akakuna ndevu.

"Kwa nini unaniomba?"

"Kwa sababu baba ulimkataza."

"Baba yako ni mkwe. Wewe ni mwenye mahali. Wewe ukijenga, atang'oa nani?" Kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea. "Ile miche yake, nafikiri ningemwita kwanza tukaongea. Nilikwenda na mkono kabla ya mdomo."

Hakuniambia nikupelekee maneno hayo. Nimeyapeleka mwenyewe.

Kwa hiyo meza imejengwa kwa kufuata ule mchoro wako wa kijiti. Niliukumbuka wote, mpaka paa la bati. Upana wa pengo nimeupima kwa mikono, kama nilivyokuwa nalikumbatia lile jiko tukilisukuma mvuani. Najua linaingia. Nimekaa na swali la fundi tangu asubuhi. Nikiziba, sitakungoja tena, nitanunua jiko lingine siku moja, dogo, na nitapika vizuri kuliko wewe. Ninaweza. Nikiacha, kila mgeni ataniuliza pale pana nini, na nitakuwa na kazi ya kujibu kama mama: yuko safari.

Jumamosi nitamwambia aache.

Lakini ukija, usije kumsalimia mwenye eneo. Njoo mchana, watu wakiwepo, bibi akiwa anaanika mdalasini wake, Mjomba akiwa amekaa. Nitakusalimia kama kawaida, na wewe uitike kwa kunitaja jina. Mara moja inatosha. Halafu tutalisukuma jiko mpaka ndani ya pengo, mimi huku na wewe kule. Na likishakaa, nimeshamwomba Mjomba ruhusa, amekubali: tutalitoa magurudumu.

Sipana uliisahau siku ile. Ninayo mimi.

Ni mimi mwanao wa kwanza, mwenye jina la mama yako.