Memori ya Zahanati na Ulimi wa Bi Rukia

Jumatatu, 4 Agosti

Barazani wote wanahadithia uongo. Ati programu ya zahanati inakufa kwa uzee wangu. Wapumbavu. Niliiandika mie, skuli sikupita, nimejifundisha mwenyewe, na mitaa yote ya Ng'ambo hakuna wa kunifikia. Kweli iko hapa.

Leo tena. Memori ikajaa, kompyuta ikaganda, wagonjwa wakapiga kelele. Nikazima, nikawasha. Daktari, mwenye zahanati, kanipa mpaka Ijumaa. Halafu analeta fundi kutoka Dar, programu yangu inatupwa. Yangu mie!

Jumanne, 5 Agosti

Memori inavuja. Programu ikenda kumtafuta mgonjwa kwenye databezi, orodha ya wagonjwa wote, inafungua koneksheni, kama mlango. Ikimaliza, ifunge. Kuna pahala haifungi, na kila mlango wazi unakula memori. Nimejaribu jina langu, la mke wangu, la mashemeji, hata la yule mwizi wa kuku wa mtaani. Yote yanatoka, yote yanafunga.

Basi mchawi ni Bi Rukia wa mapokezi. Nikamwambia.

"Haji, kaoshe macho kwanza," kanijibu mbele ya wagonjwa. Wakacheka. Simpendi yule mwanamke.

Jumatano, 6 Agosti

Nimekaa nyuma yake nimkamate.

"Unaniotea nini, mzee wewe? Mie papai, wasubiri niive?"

Kaingia mvuvi. Bi Rukia haulizi jina la cheti. Nani analijua hapa? Kaandika la mtaani: Mapengo. Hakuna. Baba Pweza. Hakuna. Mume wa Bi Mwaka. Hakuna. Mwisho ndo kamuuliza mwenyewe. Na kila "hakuna", memori inapanda.

Ndo nikaelewa. Akipatikana mtu, programu inafunga mlango. Asipopatikana, inajibu "hakuna" na kwenda zake, mlango wazi. Mie nilijaribu majina yaliyomo tu. Bingwa yeyote angepitiwa. Kumwambia Bi Rukia? Thubutu.

Alhamisi, 7 Agosti

Nshaufunga. Mstari mmoja. Nikamwambia Bi Rukia aandike majina ya utani yote anayoyajua. Kaandika mtaa mzima, kisha kanitazama, kaandika Haji Domo. Hakuna. Memori haikutikisika.

"Kwa hiyo kosa lilikuwa la nani?" kaniuliza.

Nikatazama feni.

Ndo akasema: "Umeweza, Haji." Wagonjwa wote wamesikia.

Ijumaa, 8 Agosti

Fundi wa Dar kaambiwa asije. Programu inabaki. Kompyuta shwari toka asubuhi.

Nilikaa kidogo kwenye benchi la wagonjwa. Bi Rukia kaendelea na kazi yake.

Lile la jana la "Umeweza, Haji" nimelitia mwenyewe humu. Jana Bi Rukia alivuta kiti tu, akaita mgonjwa mwengine.