Chembe Zimekataa Kung'aa

Garsen
9 Septemba 1997

Kaka Kavumbi,

Salamu kutoka nyumbani. Mama amepata nafuu ya kiharusi, sasa anashika kikombe kwa mkono wa kushoto. Kila jioni anauliza kama mtoto wa marehemu dada yake anakula vizuri huko Ujerumani. Nami nauliza: unakula? Unalala usingizi?

Farid wa Kipini, yule mhadhiri wa Nairobi, amenitumia nakala ya jarida. Nimeisoma makala yako mara tatu. Chembe za kadimiamu na seleniamu, ndogo kiasi kwamba ukipanga milioni kumi kwa mstari ndipo unafikia urefu wa kijiti cha kiberiti. Ukizimulika, zilizo ndogo zinatoa kijani, zilizokua kidogo zinatoa nyekundu, na ni kitu kilekile. Naijua kazi hii. Nilizipika chembe hizo miaka sita katika maabara hiyohiyo. Hata ule mchoro niliouchora kwa mkono siku taa ya mashine ilipoungua, umeuchapisha. Jina juu ni moja tu, lako.

Telegramu ilipokuja kwamba Mama ameanguka, nilikuachia madaftari uyatunze. Sikukuachia urithi. Sijafa.

Liandikie jarida. Jina langu liwe la kwanza.

Dada yako,
Hulda


Ujerumani
1 Oktoba 1997

Mpendwa Dada Hulda,

Nimefurahi kusikia Mama anashika kikombe. Mimi mzima, ila baridi imeanza kuuma.

Dada, punguza hasira. Uliondoka mwenyewe, na kazi haiwezi kumngoja mtu aliyeko Garsen akiwafundisha watoto habari za betri na nyaya. Ulipika, sikatai. Lakini kupika si kufikiri. Hesabu ni zangu: mimi ndiye niliyeonyesha elektroni inavyobanwa ndani ya chembe, na kwamba ikibanwa zaidi nuru yake inaelekea buluu.

Isitoshe nimekusafishia kazi. Ile nta ya kuyeyushia kemikali za chembe, uliyokuwa ukiagiza ya bei ya chini, ya manjano, yenye harufu, nimeitupa yote. Nimeagiza iliyo safi kabisa. Sasa maabara inapendeza. Mwezi wa Mei watakuja wageni kutoka vyuo vitatu, nami nitazipika chembe mbele yao.

Nimemtumia Mama sweta.

Mdogo wako,
Kavumbi


Garsen
24 Oktoba 1997

Kaka Kavumbi,

Hatujambo. Sweta imefika. Mama ameivaa saa sita mchana, katika joto hili unalolijua, jasho likimtiririka, akiwaambia majirani kuwa imetoka kwa mwanawe. Nami namtazama nikiuma meno.

Umesema kupika si kufikiri. Vizuri. Pika.

Dada yako,
Hulda


Ujerumani
12 Januari 1998

Dada yangu Hulda,

Hii ni barua ya tatu na sijapata jibu hata moja. Redioni wanasema Tana imefurika na Garsen imezungukwa na maji. Mko wapi? Mama yuko salama?

Dada, chembe zimekataa kung'aa. Nimepika zaidi ya mara arobaini. Joto ni lilelile la daftari lako, muda ni uleule, hata chupa ni zilezile. Zinakua ovyo, kubwa na ndogo pamoja, na mwisho chupa inabaki na kitu cha rangi ya chai ya maziwa. Nikizimulika naona wekundu hafifu, kisha hakuna. Nimebadili pampu. Nimebadili kipimajoto. Nimegombana na muuza kemikali mpaka akanikatia simu. Kuna jambo hukuliandika. Profesa ameanza kuuliza ni kwa nini siwezi kurudia kazi yangu mwenyewe, na Mei haiko mbali. Nitumie hata mstari mmoja.

Mdogo wako,
Kavumbi


Garsen
26 Februari 1998

Kaka Kavumbi,

Tu hai. Barua zako tatu zimefika siku moja kwa mashua, zimefungwa pamoja na za mkuu wa wilaya. Barabara ya Malindi ilikatika tangu Novemba. Tulilala wiki saba madarasani, sisi na watu wa Kilelengwani na kuku wao. Shamba letu la Golbanti limekwisha, migomba yote imeoza. Mama alibebwa mgongoni na jirani yetu Abduba, maji yakimfika kifuani, na siku ileile Abduba alipoteza ng'ombe kumi na mmoja. Huyo si ndugu yetu, hajavaa suti yoyote, wala hajaandikwa jaridani.

Wewe umeuliza habari zetu kwa mistari miwili, ukaziuliza za chembe kwa kumi.

Ndiyo, najua kinachokosekana. Nilikigundua wiki ya mwisho, na telegramu ikanikuta sijakiandika. Nilikigundua kwa kufikiri, kwa taarifa yako.

Liandikie jarida useme kazi ni ya nani. Kisha waambie wageni hao kwa mdomo wako, ukiwa umesimama. Ndipo nitajibu.

Dada yako,
Hulda


Ujerumani
20 Machi 1998

Dada Hulda,

Nashukuru Mungu kwa Mama. Mfikishie Abduba shukrani zangu.

Unachotaka ni kikubwa mno. Makala ijayo nitakuwekea shukrani mwishoni, kwa jina lako kamili. Nikisimama na kusema unayotaka niseme, nafasi hii sina tena. Mama alitunyonyesha kifua kimoja, Dada. Kweli unataka niharibikiwe?

Mdogo wako,
Kavumbi


Garsen
9 Aprili 1998

Kaka Kavumbi,

Salamu. Ndiyo.

Dada yako,
Hulda


Ujerumani
11 Mei 1998

Dada Hulda,

Naamini hamjambo. Mimi si mzima.

Ijumaa nilipika mbele ya wageni kumi na wanne. Nilijipa moyo kwamba siku hiyo zitakubali. Dakika ya tatu tayari zilikuwa chai ya maziwa. Bibi mmoja mzee, mgeni, akainama juu ya chupa, akasema, "Kijana, zile za jaridani alipika nani?" Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililonimaliza. Nikasema, "Dada yangu." Nikasema yote: madaftari, michoro, mchoro wa mkono. Profesa alitoka nje katikati ya maneno yangu. Jana nimeliandikia jarida, nakala hii hapa. Jina ni lako, la kwanza na la pekee.

Nafasi yangu itajadiliwa Juni. Nikiweza kuzing'arisha kabla ya hapo, huenda wakanibakiza kama fundi. Nimetimiza ulichotaka. Niambie kinachokosekana.

Mdogo wako,
Kavumbi


Garsen
3 Juni 1998

Kaka Kavumbi,

Salamu nyingi. Sisi wazima, migomba mipya imeshika.

Niliahidi kujibu, najibu. Ni ile nta uliyoitupa. Ndani ya uchafu wake wa manjano kuna asidi kidogo yenye fosforasi. Hiyo huishika kadimiamu na kuiachia polepole, na chembe zote zinakua kwa mwendo mmoja. Uliponunua iliyo safi kabisa uliiondoa kazi yenyewe. Uliniandikia hilo mwaka jana ukijisifu. Nilisoma nikacheka peke yangu posta, karani akadhani nimepokea pesa.

Jambo la pili. Jibu hilihili, kurasa nne na hesabu zake, nilimpelekea profesa wako jana. Nilipanda basi mpaka Malindi nikatuma kwa faksi, akanipigia simu palepale akisema watapika asubuhi. Barua yako wewe naiweka posta ya Garsen, kwa stempu ya meli, ile ya bei ya chini inayochukua miezi. Utakapoifungua, kikao cha Juni kimepita zamani, na kila fagio la maabara hiyo limeshajua.

Mama ameniuliza naandika nini. Nimemwambia nampa Kavumbi jibu aliloomba. Amefurahi sana, akasema kumbe nina moyo, nikusalimie. Haya, pokea salamu zake.

Dada yako,
Hulda