Kabureta ya Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi 1997

Mvua tangu alfajiri. Pikapu ya chama chetu cha ushirika imezimika tena, safari hii kwenye kilima cha Msasani ya huku kwetu milimani, viroba vya chai vimejaa nyuma. Ambakisye, dereva wetu, amerudi kwa miguu, viatu mkononi. Majani yalishika joto ndani ya viroba na kiwanda kimeyakataa. Wakulima wakaja ofisini kunigombeza mimi, kwa kuwa Katibu alikuwa ametoka. Mimi ni karani tu. Niliwaambia nitamfikishia maneno yao.

Gari lenyewe zuri. Mtumba wa Japani. Tangu biashara iachiwe huru kila chama kinataka la kwake. Ila hili lina kontrol boksi, kompyuta ndogo inayoamua petroli iende lini na plagi zichome lini. Mvua ya huku imeiingia.

Jumatano, 5 Machi

Katibu ameamua. Kompyuta itolewe. Gari lifungwe kabureta ya kuchanganya petroli na hewa, na distributa ya pointi ya kugawa moto wa plagi, kama magari ya zamani. Vifaa vitatoka kwenye injini kuukuu iliyolala Makandana. Fundi atakuwa baba mkwe wangu.

Nilikuwa napiga barua kwa mashine. Nikaiharibu.

Tangu niolewe Agosti sijauona uso wake vizuri. Ndivyo ilivyo kwetu Wanyakyusa: mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Nikisikia yuko njiani napita migombani. Jina lake silitamki. Yeye naye hukohoa akikaribia, nipate nafasi ya kujificha. Rafiki yangu wa Mbeya alinicheka: kidato cha sita kizima, unamkimbia mzee wa watu. Sikumwambia kwamba napenda kukimbia. Nikijificha hakuna anayeniuliza kitu.

Katibu amenipa kitabu cha gari. Kiko kwa Kiingereza. Eti mimi ndiye msomi, nikipitie kama kuna la kumfaa mzee.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeona kitu kitabuni.

Kitabu kinaeleza injini zote mbili, ya kompyuta na ya kabureta. Pampu ya kompyuta imo ndani ya tangi na inasukuma petroli kwa nguvu kubwa. Kabureta inataka kusukumiwa kidogo tu. Nguvu ya ile inapita ya hii zaidi ya mara kumi. Na mchana Ambakisye alikuwa ofisini akimsifu mzee: ameiacha pampu ya tangi palepale, ameivutia waya mpaka kwenye swichi ya ufunguo, kazi safi.

Basi petroli itafurika. Itamwagika juu ya injini yenye moto.

Au sikuelewa. Nilisoma historia na lugha, si ufundi. Nimerudia ukurasa hadi macho yanauma. Nimeelewa.

Mama mkwe ndiye hubeba maneno kati yetu, naye yuko msibani Lupepo. Mume wangu yuko kazini Mbeya hadi mwisho wa mwezi. Nilichukua karatasi niandike. Nianze vipi? Mke wa mtoto anamsahihisha mzee kazi yake. Nikaichana.

Jumamosi, 8 Machi

Nilikwenda hadi gereji. Nilijifunika kanga kichwani. Niliona miguu ya mzee tu, imetokeza chini ya gari, soksi moja imetoboka kisigino. Nikasimama nyuma ya migomba. Maneno nilikuwa nayo yote.

Akasikia nyayo. Akakohoa.

Nikaondoka. Mkwe mwema, mwenye adabu. Mama mmoja muuza ndizi aliniona nikiinama kupita, akasema siku hizi wasichana wenye heshima ni wachache. Nikamshukuru.

Jumapili, 9 Machi

Ambakisye anaimba besi kwenye kwaya. Baada ya ibada alikuwa hatua chache kutoka kwangu, anafunga mzigo kwenye baiskeli. Ningeweza kumwambia. Angecheka. Angewaambia wenzake wa besi kwamba karani sasa ni fundi magari.

Niliogopa kuchekwa. Naandika hivi kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Jumatatu, 10 Machi

Ameungua.

Injini ilishika mara moja. Wakulima walipiga makofi. Nilikuwa kwenye dirisha la ofisi, nimejificha nusu nyuma ya pazia. Boneti lilikuwa wazi, mzee ameinamia kabureta akisikiliza, sikio upande. Halafu moto. Alimsukuma Ambakisye nyuma, akaingiza mikono yake yote miwili kuung'oa waya wa pampu. Akaung'oa. Wakamalizia kwa viroba vilivyolowa.

Gari halikudhurika sana. Mikono yake imedhurika. Wamempeleka hospitali.

Nilibaki dirishani.

Jumatano, 12 Machi

Kikao cha kamati. Mimi ndiye mwandishi wa kikao. Walisema mzee amezeeka. Walisema ni fundi wa matrekta ya zamani, kosa ni letu kumpa gari la kisasa. Mwenyekiti akasema kazi ihamie Mbeya na mzee asiguse tena chombo cha chama. Mmoja akatania kwamba angalau sasa ana sababu ya kukaa nyumbani. Wakacheka. Niliandika yote kwa mwandiko mzuri. Sikuinua kichwa.

Mama mkwe amerudi. Anasema mzee kule hospitali wala hailalamikii mikono. Analala macho wazi, anaifunga ile injini upya kichwani, waya kwa waya, na anauliza swali moja: "Nimekosea wapi?" Amesema akipona atauza spana zake.

Jibu ninalo mimi. Liko kwenye mkoba wangu, nimeweka alama kwa kipande cha kanga.

Mila haikunizuia. Nilijificha nyuma yake. Ni tofauti.

Ijumaa, 14 Machi

Baba mkwe ameruhusiwa kurudi nyumbani. Nilimwambia mama jikoni, tukimenya ndizi. Sikupanga. Kisu kilinitoka mkononi na maneno yakatoka nacho.

Aliuliza nilijua lini. Nikasema Ijumaa iliyopita. Aliendelea kumenya mpaka ndizi zikaisha kwenye kikapu. Nilidhani atanifukuza.

Kisha akasema, "Mimi baba mkwe wangu alikuwa mkali kuliko huyu. Nikiwa na neno la kumfikia, nilimwambia kuku. Yeye nyuma ya ukuta, anasikia."

Akakusanya maganda.

"Ungemwambia kuku, mwanangu."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Njia ilikuwepo siku zote, kila mke wa ukoo huu anaijua, na mimi nilisimama migombani na kitabu mkononi.

Katibu bado sijamwambia. Nimefika mlangoni pake nikamwomba karatasi za kaboni.

Jumapili, 16 Machi

Mvua imepungua. Baada ya chakula mama aliweka kigoda nje, chini ya dirisha la chumba cha baba mkwe, kikigusa ukuta. Akamwaga mtama kidogo. Kuku wakaja.

Nilikaa. Nikafungua kitabu. Nikawasomea kuku habari za pampu, Kiingereza kwanza, kisha Kiswahili. Sauti ilikuwa ndogo, mama akaniambia kuku hawasikii.

Ndani, mzee akakohoa. Nikainuka niondoke. Mama alinishika kanga, nikakaa.

Nikawaambia kuku pia kwamba niliyajua haya kabla. Kwamba nilifika gereji siku ile. Kwamba fundi hakukosea kufunga, ila hakuambiwa, na aliyepaswa kumwambia alirudi nyumbani.

Matone tu kutoka kwenye bati. Mama aliingia ndani, akakaa huko muda. Nilihesabu punje za mtama zilizobaki ili nisilie.

Kisha nikaisikia sauti ya mzee, mara ya kwanza nikiwa karibu hivi. Si nzito kama nilivyodhani. Alikuwa anamwambia mkewe.

"Mwambie arudie hapo pa nguvu ya pampu. Polepole."

Mama alisimama mlangoni kuniletea maneno ambayo nilikwisha kuyasikia. Akayasema yote hata hivyo. Akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba vidole vya mzee vinacheza ndani ya bendeji, kama vya mtu anayekaza nati.

Nikarudia. Polepole.