Mstari wa Mpaka na Minazi ya Mama Mbodze

Kambini, karibu na Loitokitok

Mdogo wangu Omari,

Assalaam alaykum. Shikamoo yako naipokea hata kabla hujaitamka, maana kwa ulivyolelewa najua utaniamkia kabla ya kuifungua bahasha. Marahaba. Hujambo wewe na Zuhura? Goti la Shangazi limepoa? Mvua imeanguka huko kwetu Tezo, au bado mnatazama mawingu yakipita kwenda kwa wengine? Mimi mzima, alhamdulillahi, ila baridi ya huku hainitaki. Nalala na soksi kama mtoto mchanga.

Jumapili uliponipigia nilikuwa kilimani, na upepo ulikula nusu ya maneno yako. Niliyoyasikia yanatosha. Hati mpya imetoka kwa majina yetu wawili, mafundi wa ukuta wa kuzungushia shamba wako tayari, na unangoja ruhusa yangu tu ili minazi ya Mama Mbodze iliyo ndani yake iangushwe. Ulisema, "Kaka, wewe uko huko unapanda mawe ya serikali, na mimi hapa nauziwa nazi za shamba langu mwenyewe!" Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka. Mambo ya ardhi hayafai simu, kwa hiyo nakuandikia, na barua nitampa dereva wetu anayeteremka Mombasa.

Nianze na kazi yangu, ndipo utanielewa. Serikali ilinirudisha kazini nikiwa nimestaafu kwa sababu mimi ni mpima ardhi wa zamani, nije niwasaidie vijana kutafuta bikoni za mpaka wetu na Tanzania, yaani zile nguzo za saruji zinazoonyesha nchi inakoishia. Nyingi zimemezwa na vichaka, nyingine zimevunjika. Tunafanya kazi pamoja, Wakenya na Watanzania, na sufuria yetu ni moja. Binti mmoja wa upande wa pili, mpima hodari aitwaye Neema, alinichokoza siku ya kwanza: "Mzee, nyinyi Wakenya Kiswahili mlikiazima kwetu, mtakirudisha lini?" Nikamjibu, "Mwanangu, mimi nimezaliwa Malindi. Nyinyi mlikuja kukichota kwetu, na ndoo hamjairudisha." Tangu hapo ananiita Babu wa Ndoo.

Omari, juzi nimeona jambo ambalo katika miaka yote ya kazi sikuwahi kuliona. Vijana walikuwa wamefyeka vichaka juu ya mstari. Asubuhi nilipopanda kilima ukungu ulifunguka, Kilimanjaro ukasimama na kichwa chake cheupe, na chini yangu ule mfyeko mwembamba ukawa unakwenda, unakwenda, umenyooka kama uzi wa mwashi, unapanda vilima bila kuvizunguka, unavuka makorongo bila kuyaogopa, hadi ukapotea mahali macho yasipofika. Nilivua kofia.

Mstari huu unaanzia baharini kwetu, karibu na Vanga. Unakuja moja kwa moja mpaka upande wa Ziwa Jipe, unapinda kuuzunguka mlima, kisha unanyooka tena hadi Ziwa Viktoria. Walioukubali walikuwa Ulaya, Waingereza na Wajerumani, mbele ya ramani iliyokuwa tupu sehemu kubwa. Shuleni tuliambiwa kwamba malkia wa Waingereza alimpa mjukuu wake, mfalme wa Wajerumani, mlima huu uwe zawadi. Ni hadithi tamu, lakini si kweli. Walikuwa wakigawana: Mjerumani alidai ana mikataba na wenyeji wa mlimani, Mwingereza akabaki na Mombasa. Kalamu ilipita kwanza, miguu ikafuata baadaye. Na hadi leo mtoto akizaliwa huku ataimba wimbo mmoja wa taifa, na akizaliwa pale ng'ambo ya kichaka ataimba mwingine.

Bikoni moja tuliikuta ndani ya boma la Mama Nasieku, Mmasai mwenye ulimi mwepesi. Nyumba yake iko Kenya na zizi liko Tanzania. Nilipomweleza alimgeukia mumewe: "Umesikia? Siku ile uliyonuna ukaenda kulala na ng'ombe, kumbe ulihamia nchi nyingine!" Boma zima likacheka. Lakini tulipomaliza kuisimamisha upya alileta kibuyu, akaimwagia bikoni maziwa. "Jiwe linalokaa kwangu," alisema, "halikai na kiu." Serikali mbili zilikuwa zimeliweka jiwe lile, lakini aliyelikaribisha ni yeye.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo ulipo wewe na ukuta wako. Pwani yetu haikuingia Kenya kwa mlango ule wa bara. Wazungu walipokaa kuamua milki ya Sultani wa Zanzibar inafika wapi, walimwachia ukanda wa maili kumi kutoka maji yanapojaa. Baadaye Mwingereza akaukodi. Nchi ikawa ya Sultani, utawala ukawa wa Mwingereza, na bendera nyekundu ya Sultani ikaendelea kupepea kwetu hadi uhuru ulipokaribia. Nikiwaeleza vijana wa bara wanashangaa: nchi moja, wenyewe wawili? Mtu wa pwani hashangai. Babu yetu alimwambia Mzee Karisa, baba mkwe wa Mama Mbodze, "Ardhi yangu, minazi yako." Karisa akapanda kwa mikono yake, na tangu siku hiyo mchanga una mwenyewe na mnazi una mwenyewe.

Uhuru ulipofika mlangoni, Sultani aliachia haki yake na pwani ikaunganishwa na Kenya kwa makubaliano. Ilikubaliwa kwamba makadhi wabaki, na hati za ardhi zilizokwisha kuandikishwa ziheshimiwe. Ndiyo maana karatasi ya Babu iliishi, ikazaa hii unayoishika. Waliopanda bila karatasi hawakutajwa. Wakaamka raia wa taifa jipya na maskwota, wakaazi wasio na haki, katika mashamba waliyoyalima wenyewe. Kila nikiliwaza hilo mwili hunisisimka: saini chache ziliunga taifa zima, na saini hizo hizo zikamruka Mzee Karisa.

Uliniambia Mama Mbodze alikujibu hivi: "Ardhi ni yenu, sikatai. Mnazi nao nionyeshe baba yako aliyeupanda." Ukasema ana mdomo. Ana haki, Omari.

Sikubali mnazi hata mmoja uguswe. Na nitasema zaidi, hata kama utakasirika: nataka kipande kilicho chini ya minazi ile kikatwe kwenye hati yetu, kiandikwe jina lake. Nitakuja kukipima mwenyewe baada ya Ramadhani. Najua shamba litapungua upande wa barabara, pale ulipotaka kujenga. Watoto wangu nao watapungukiwa. Waambie mafundi wangoje. Kisha nenda wewe, usitume mtu, ubishe hodi kwa Mama Mbodze, mtembee naye shambani, umwulize mstari upite wapi. Akikuonyesha usimbishie, chomeka kijiti hapo hapo. Nimepima mistari maisha yangu yote, na sijauona hata mmoja ambao anayeishi juu yake aliulizwa kwanza. Natamani kuuona kabla sijafa, na ningependa uwe wetu.

Nisalimie Zuhura, mkeo, anayekulisha na kukuvumilia, na imamu wetu, rafiki yangu wa kahawa. Shangazi Mwanaisha, mkubwa wetu aliyebaki, mbusu mkono kwa niaba yangu, na umsomee barua hii yote bila kuruka pale usipopapenda. Yeye alikuwa amesimama kando Babu na Karisa walipopeana mikono.

Akupendaye hata unaponuna,

Kaka yako, Athman