Mraba Niliouficha

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Ijumaa. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Ruangwa, shuleni tuna kompyuta moja na imejaa hadi alama za mitihani hazihifadhiki, kila nikiuliza nani kaijaza wenzangu wanasema ni virusi, basi nikachoka, nikaweka programu inayochora diski nzima kwa miraba ya rangi, faili kubwa mraba mkubwa, nikatangaza kwamba Jumatatu tutamwona mhusika ukutani kwa projekta. Nilipochungulia kwanza peke yangu, nusu ya picha ilikuwa mraba mmoja mwekundu, nao ni wangu: video za miaka miwili ninazojirekodi nikifundisha, kwa sababu siamini kama nafundisha vizuri. Niliona aibu, nikaiamuru programu isiioneshe folda hiyo.

Jumatatu walimu waliitazama picha kama ramani ya viwanja. “Hili shamba la nani?” akauliza mkuu wetu, Madam Winfrida, akionesha mraba uliozidi yote. Lilikuwa la Mwalimu Obadia, anayekaribia kustaafu: video ya mazishi ya mama yake kule Chinongwe, nakala pekee, maana hana kompyuta kwake. Wakacheka, wakamwita Bwana Shamba, na Madam akaagiza ifutwe kufikia Ijumaa. Mzee alinifuata baadaye akasema, “Binti yangu, nifutie wewe. Mimi sijui pa kubonyeza.”

Bado sijaifuta. Nifanyeje?

Mwalimu mwenye aibu, Ruangwa

Mwalimu, pole, lakini umenikera. Kujirekodi si kosa, wangefanya hivyo walimu wengi watoto wangefaidi. Kosa ni kuwaumbua wenzako, kisha ukajifuta wewe kwenye picha na kumwachia mzee mzigo wako.

Usitunge hotuba. Kesho tafuta diski ya nje hapo mjini, ukikosa panda gari uende Nachingwea. Alhamisi mwombe Madam dakika kumi mbele ya walimu walewale, chora picha upya bila kuficha kitu, useme, “Mwekundu ni wangu.” Halafu hamisha video zako zote wakiona. Watakutania wiki mbili, Bwana Shamba atakuwa wewe. Vumilia.

Kisha mkalishe Mwalimu Obadia kwenye kiti cha kompyuta. Hajui pa kubonyeza, basi mpe flashi, umwoneshe pa kunakili, abonyeze mwenyewe, wala usiondoke mpaka video ya mama yake ifunguke. Hicho nacho ni kipindi, na hakihitaji kurekodiwa.