Kitanda Kisicho na Gundi

Mwanangu mpenzi, mama Kigingi,

Nakusalimu wewe, namsalimu mwalimu mume wako, na huyo mjukuu wangu namsalimu peke yake, maana salamu zake sitaki zichanganywe na za watu wengine. Hamjambo nyote? Usingizi mnapata? Kigingi anakula? Usinijibu kwamba anakula kidogo. Mwambie babu kasema amalize sahani. Mimi baba yako sijambo. Mkono ungali na nguvu, randa naisukuma kama kijana, na juzi nimebeba peke yangu ubao ambao vijana wa siku hizi wangeubeba wawili, na wa tatu wa kuwapa moyo.

Usishangae kupata barua. Najua utasema simu ipo. Simu ni ya jirani yangu Fundi Gundi, na kwake siendi kwa sasa, sababu utaiona huko chini. Halafu kwenye simu wewe hunikatiza, nami napandisha sauti, mwisho tunakatiana. Karatasi haikatizi mtu. Mwandiko ni huu huu wa kuandikia vipimo kwenye mbao, uvumilie. Shule niliacha nilipojua kusoma namba za futi, nikaona zinatosha, na hakuna meza yangu hata moja iliyowahi kuulizwa cheti.

Ujumbe wako ulifika. Fundi Gundi alisimama nje ya mlango, hakuingia, akanieleza kwamba umepiga, kwamba ugomvi umeisha, kwamba mtoto akisikia tu mtu anagonga nyundo mtaani anakimbilia dirishani akiita babu. Akasema unamleta mwisho wa wiki hii, nimechanjwa sijachanjwa. Na maneno yako mwenyewe, aliyasema kama ulivyoyasema: baba yangu kichwa ngumu, lakini sina mwingine.

Nilicheka peke yangu, mwanangu. Nikajiona nimeshinda. Nikafagia karakana kutoka huku mpaka huku, nikakusanya yale maranda marefu yanayojikunja, yale Kigingi anayoyaning'iniza masikioni na kusema ni hereni, nikayaweka kwenye kona yake. Niliponyanyuka na ufagio mkononi nikasikia kikohozi upande wa pili wa ukuta. Nikakaa kwenye benchi, na safari hii sikucheka.

Msije. Ndiyo habari ninayokuandikia. Msije, wala wewe peke yako usije ukarudi nyumbani kwa mtoto. Usikunje uso. Soma mpaka mwisho.

Tuanzie kwenye ugomvi wetu, maana ndipo ulipobaki. Surua ilipoanza kuzunguka mji, uliniita kwenu ukanikalisha kwenye kochi lile la dukani, ambalo nimeshakwambia miguu yake ni ya kupakwa rangi tu. Ukanieleza kwa utaratibu. Ulisema Kigingi alipochomwa sindano ya surua alivimba, akawa mweusi midomo, wakamrudisha kwa shida, kwa hiyo yeye hachanjwi tena na hana kinga. Ulisema basi kinga yake ni sisi wakubwa, kila anayembeba achanjwe, hasa mimi niliyekuwa nikijisifu tangu ujana kwamba surua ilipita nyumba zote ikaniogopa. Mwalimu akaongeza kwamba si lazima leo, naweza kwenda kesho. Alisema kwa adabu, sina neno naye.

Nami nikajibu nini? Nikasema sindano ya kunichoma mimi bado haijatengenezwa. Nikasema nimelala kwenye mvua, nimeangukiwa na gogo, na nimemzika mke bila kumeza hata kidonge. Ulilia mbele ya mumeo. Ukasema nichague, ubishi wangu au mjukuu wangu, na mlango huo nisiuvuke mpaka nimechagua. Nikachukua kofia yangu. Kigingi akanishika suruali. Wewe ndiye uliyemfungua vidole, kimoja kimoja, na sikulaumu.

Mpaka leo unajua kwamba nilichagua ubishi. Umewaambia shangazi zako hivyo, nao wamenitumia salamu za kunisuta kila mmoja kwa zamu yake. Nimeziacha zije. Bora niitwe mbishi.

Mwanangu, nilikwenda. Asubuhi iliyofuata, kabla zahanati haijafunguliwa, baba yako alikuwa wa kwanza kwenye benchi la nje, amevaa koti la harusi yako. Sikutaka mtu ajue. Nilipanga nichomwe, nipewe kile kikaratasi cha chanjo, nije nikibandike kwenye mlango wako bila kusema neno. Nilikuwa nimeshajichekea njia nzima nikiwaza utakavyoona aibu. Fundi Gundi alinifuata. Alisema anakwenda kununua misumari, lakini duka la misumari liko upande mwingine, nami nikamwacha, tukaenda tukitukanana kama kawaida yetu.

Nesi alikuwa binti mdogo, mpole. Akaniuliza kama kuna chakula au dawa au kitu chochote kinachonidhuru, kinachonivimbisha mwili. Nikamwambia binti, mimi hunijui, mimi hakuna kinachonidhuru. Akauliza tena, kwamba nifikiri vizuri, mzee wangu. Nikamwambia amalize kazi, wenzangu wana foleni. Akanichoma. Hata haikuuma, nikamtania kwamba mbu wa karakanani kwangu wanajua kazi kumshinda.

Sijafunga vifungo vya shati, mikono ikaanza kuwasha. Kisha shingo. Kisha ulimi ukajaa mdomoni kama nimeng'ata tambara, na pumzi ikakataa kuingia. Nakumbuka dari, na nakumbuka nikisema moyoni kwamba hali hii naijua. Nesi yule, Mungu amweke, hakupiga kelele. Alinichoma nyingine pajani, juu ya suruali hiyo hiyo, akaniinua miguu, akamwita daktari. Nilipopata pumzi nikamwona Fundi Gundi pembeni, ameshika kofia yangu, analia kama mtoto, akimwambia daktari kwamba huyu mzee mwongo, kwamba alishavimba hivi hivi zamani, kwa gundi.

Sasa ndiyo nakueleza jambo ambalo hata marehemu mama yako sikumwambia.

Wewe umekua ukijua kwamba baba yako ni seremala asiyetumia gundi. Mji mzima unajua. Watu walikuwa wanatoka mbali kuja kugeuza viti vyangu chini juu, watafute palipobandikwa, wasipaone: ulimi wa mti unaingia kwenye tundu lake, kigingi kinapigwa, basi. Nilimbandika mwenzangu jina la Fundi Gundi mbele ya wateja wake, nikasema gundi ni kazi ya wasiojua kupima. Jina likamganda mpaka wajukuu zake wanaitwa kwa hilo.

Ukweli ni huu. Tulipokuwa wanagenzi wa bwana mmoja, mimi na yeye, gundi ilikuwa inachemshwa kwenye sufuria, ngozi na mifupa ya ng'ombe mpaka iwe uji. Mara ya kwanza kuikoroga na kuilamba kidoleni kuona kama imeiva, nilianguka. Macho yalifunga. Mwenzangu alinibeba mgongoni mpaka kisimani akanimwagia maji, hakujua la kufanya zaidi. Niliporudi bwana wetu akasema nitafute kazi nyingine, kwamba seremala asiyeweza kusimama karibu na gundi ni sawa na mpishi anayeogopa moto. Ndipo nikajifunza kuunga mti kwa mti. Sikuwa na akili zaidi ya wengine, mwanangu. Sikuwa na njia. Majigambo nimeyajenga juu yake baadaye, na huyo niliyemcheka maisha yake yote alijua, na hakunitoa aibu hata siku niliyomtukana mbele ya mke wake.

Daktari alinisikiliza. Akasema kitu kile cha ngozi na mifupa, kikisafishwa, ndicho kinachotiwa kwenye baadhi ya chanjo ili zisiharibike, na ndicho kinachofanya zile peremende laini zivutike. Nikamuuliza kama peremende zile za kutafuna, za rangi rangi. Akasema hizo hizo. Kigingi alizila kwenye sherehe ya jirani yenu akavimba, si ndiyo? Uliwahi kunieleza, ukanitajia na jina la hicho kitu, jelatini, nami nikakwambia majina ya hospitali hayanihusu.

Nikamuuliza tena daktari, naye hakutaka kuniumiza, akasema mizio mingine hutembea kwenye ukoo na mingine haitembei, huenda ni hivyo, huenda si hivyo. Yeye ni msomi, ana haki ya kusema huenda. Mimi nampima mtu kwa jicho. Mjukuu wangu ana vidole vyangu, ana masikio yangu, na ana hili langu. Limekuruka wewe likamkuta yeye.

Mama mkwe wako alikuuliza ulikula nini ulipokuwa mjamzito, nawe ukalala ukilia, ukajichunguza mpaka maji uliyokunywa. Acha. Hukula kitu. Ni mimi. Mwambie mama mkwe wako kwamba kimetoka kwa babu, na kama ana la kusema aniletee mimi, asimame nje ya uzio aseme.

Hiyo ndiyo sababu ya kunyamaza kwangu. Ungejua nimeshindwa kuchanjwa, ungenihurumia na ungeniuliza kwa nini, na jibu lingefichua kwamba hili la mtoto limetoka kwangu. Nikaona nikae na jina la ubishi. Daktari anaulizia hospitali kubwa kama kuna chanjo ya surua isiyo na kitu kile, yangu na ya Kigingi, na amesema tusijaribu popote mpaka atuite. Bado hajaita. Kwa hiyo mjini hapa mimi na yeye tuko uchi, na ndio wawili ambao hatutakiwi kukaribiana.

Wengine wote wachanjwe. Simung'unyi maneno. Nimezunguka nyumba hadi nyumba kuwafokea watu waende zahanati, wananicheka, wananiuliza imekuwaje mzee wa sindano haijatengenezwa. Nawaambia wacheke wakiwa kwenye foleni. Mwambie mwalimu na darasa lake zima, na wazazi wao.

Katika mzunguko huo, kwa Fundi Gundi sikufika. Nilidhani watu wake wameshachanjwa, kumbe wajukuu zake wawili walikuwa wametoka safari, chanjo ikawaruka. Sasa wote wameshikwa, ndicho kikohozi ninachokisikia nikiandika. Mkubwa alipopandwa na homa, kabla upele haujatoka, babu yake mgongo ulimkataa, nikambeba mimi. Alinibeba yeye kwenda kisimani, nitamwacha? Nilimbeba mpaka zahanati, kichwa chake begani kwangu, akinipulizia shingoni. Ndiyo maana nasema msije. Macho yamenianza kuwasha, lakini hilo ni vumbi la mbao, nimekuwa nikipiga randa sana. Daktari kasema nisitoke na nijiangalie. Barua hii itapelekwa na nesi, ambaye amechanjwa na ana kinga, na amenihakikishia kwamba karatasi haitamdhuru mtoto ikishaanikwa juani.

Nimekuwa nikipiga randa kwa sababu ya kitanda. Kigingi amekuwa mkubwa, haifai alale katikati yenu. Kimekwisha. Mbao nimezichagua mwenyewe, kichwani nimechonga maranda yanayojikunja, atayajua. Nimekitoa nje kwenye jua, vipande vipande, mwalimu aje na mkokoteni akichukue, asigonge mlango. Nitamwona kupitia dirishani. Kila ulimi nimeuandikia namba na tundu lake lina namba hiyo hiyo, hata mwalimu ataweza.

Na sikiliza neno hili, ndilo kubwa. Kitanda kipya hulia. Mti ukikauka kitaanza kulialia, na mwalimu atataka kukitia gundi. Asithubutu, sijui siku hizi gundi wanatia nini. Kikilia, tafuteni kigingi kilicholegea mkigonge taratibu kwa kisigino cha kiatu. Kitakaza. Mfundishe na mtoto, agonge mwenyewe, akiuliza babu yuko wapi mpe kiatu agonge. Nami huku nitakuwa nagonga.

Nisalimie shangazi zako, waambie msuto wao nimeupata wote na haujaniua. Msalimie mwalimu. Kigingi mshike vidole vile, umbusu kimoja kimoja, usimwambie kwamba ni salamu.

Ni mimi baba yako,
seremala asiyetumia gundi.